Mistari Kumi na Tisa ya Msonobari

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi seremala kuulizia kitanda cha binti yangu. Dar es Salaam ilikuwa inaunguza, na fundi alikuwa kifua wazi, akipitisha randa kwenye ubao mweupe wenye mistari ya kahawia. Ubao ukatoa harufu ya utomvu. Nikasimama pale mlangoni, mkoba begani, nikasahau kabisa nilichokuja kuuliza. Fundi akataka kujua kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mbao tu. Akasema, "Hizi ni paina, dada, zinatoka huko milimani Lushoto," akinieleza kwa upole kama mtu anayemweleza mgeni habari za nchi ya mbali. Nikamwacha anieleze.

Baba yangu tulikuwa tumemzika miezi michache tu kabla ya siku hiyo, na nilidhani machozi yangu yote nimeyaacha kule juu. Kumbe yalikuwa yamenifuata hadi kwenye karakana ya mtu nisiyemjua.

Sisi wa upande wa Shume miti hiyo tuliiita misonobari darasani na paina nyumbani. Baba tulimwita Tate, ndivyo wanavyosema Wasambaa, na Tate alikuwa mfanyakazi wa bustani ya miche katika shamba la miti la serikali. Alijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea, akasia mbegu, akamwagilia, akang'oa iliyokufa. Alisoma hadi darasa la nne. Nalisema hilo mapema ili mtu anayedhani kwamba akili huanzia chuo kikuu ajue ninamzungumzia nani. Nimekaa mezani na watu wenye shahada tatu tatu, na bado sijamwona aliyesoma kitu chochote kwa makini kama Tate alivyousoma mti.

Mimi nilikuwa mtoto niliyeonewa na baridi. Kaka yangu Daudi alikwenda shule peku mwezi wa saba huku akipiga mluzi, mimi nikimfuata nyuma nimevaa sweta mbili na soksi za Mama, meno yakigongana. Kipupwe cha kwetu si mchezo. Ukungu unaingia dirishani asubuhi bila kubisha hodi, na nguo ulizoanika Jumatatu unazivaa Alhamisi zikiwa bado na ubichi. Chumba changu kilikuwa upande wa upepo, ukuta wake ni wa udongo, na kila mvua iliongeza ufa mmoja. Nililala nimejikunja, magoti kidevuni. Jioni nilikaa karibu na moto hadi pindo la gauni likaanza kunuka kuungua.

Basi Shangazi Naomi, dada yake Tate, alipata cha kusema. Shangazi alikuwa na mdomo, na bado anao.

"Huyu si wa kwetu," alisema kila alipokuja na kunikuta jikoni. "Kaka yangu alishuka Mombo na kabichi, akarudi na tenga. Tulipofunua, kumbe mtoto! Mwacheni aote moto, maskini, kwao ni joto."

Watu walicheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Ninyi wa rika langu mnaujua utani huo, karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wake wa kuokotwa. Wengine waliokotwa jalalani, wengine sokoni. Mimi niliokotwa Mombo, chini kabisa ya milima yetu, inakopita barabara kuu ya kwenda Moshi, mahali ambapo sikuwahi kufika na ambapo kwa maelezo ya Shangazi hata kuku walitembea midomo wazi.

Nilikuwa na jibu moja tu, na lilinitosha. "Kitovu changu kimezikwa kwenye paina ile pale!"

Na ilikuwa kweli. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka, wazee walikizika shinani mwa mgomba. Siku kitovu changu kilipodondoka, Tate alirudi kutoka kazini na mche wa msonobari uliopinda shingo, uliokuwa umeshatengwa pamoja na miche ya kutupwa. Akasema mtoto wake atazikiwa kitovu hapo. Bibi, mama yake Tate, alikasirika kwelikweli. "Mgomba unazaa," alimwambia. "Huo mti wa serikali unazaa nini?" Tate akajibu, "Utazaa mbao, mama." Bibi akakubali kwa shingo upande, na kisa hicho nilisimuliwa mara nyingi hata nikakiona, mimi niliyekuwa mchanga ndani ya nguo, nikiangalia shimo linachimbwa.

Jamani, mti ule ulikuwa mzuri. Uliota nyuma ya nyumba, kwenye bonde dogo ambako ukungu ulipenda kukaa, na ulikua kwa pupa. Nilipoanza darasa la kwanza ulikuwa umeshalipita paa. Shingo iliyopinda ilijinyosha yenyewe, ikabaki alama ndogo chini ambayo niliijua kwa vidole. Asubuhi za ukungu mzito, sindano zake ndefu zilishika unyevu na kuudondosha tone baada ya tone, hata chini yake kukanyesha siku ambayo hapakuwa na mvua mahali popote. Mama alitega ndoo pale wakati wa kiangazi. Nilipokuwa na huzuni nilikwenda kusimama chini ya mvua yangu mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa yangu, sikuisikia baridi yake.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, wakati mwalimu wetu wa sayansi alipochora ubaoni gogo lililokatwa. Akachora duara ndani ya duara. "Kila duara ni mwaka mmoja," alisema. "Ukitaka kujua umri wa mti, hesabu." Tukanakili. Nililipenda sana jambo hilo, kwamba mti una kumbukumbu ndani yake.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nilirudi kutoka shule, na nilipofika kwenye kona ya njia nikaona mbingu nyingi mno juu ya nyumba yetu. Nikakimbia. Msonobari wangu ulikuwa umelala. Matawi yalikuwa yameshatolewa, na wapasua mbao wawili walikuwa wamelipandisha gogo la chini juu ya jukwaa la nguzo, mmoja juu, mwingine chini, wakivuta msumeno mrefu kwa zamu. Unga wa mbao ulikuwa umewajaa nyusi. Tate alikuwa ameshika uzi aliouchovya kwenye weusi wa betri kuukuu, ule wa kupigia mistari ili msumeno usipotee. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kitu chochote.

"Tate, mbona mmekata mti wangu?"

"Subiri," alisema akitabasamu. "Utaona."

Sikusubiri. Nilikwenda kwenye kisiki, ambacho kilikuwa bado kinatoa machozi ya utomvu, nikachukua mwiba, nikaanza kuhesabu kutoka katikati. Nilikuwa na hakika nitapata kumi na moja. Nilikuwa nimeshajipanga jinsi nitakavyomtambia mwalimu Jumatatu. Nikafika kumi na moja, na mwiba ulikuwa haujafika hata kwenye ganda. Nikaendelea. Kumi na tano. Kumi na nane. Kumi na tisa. Nikarudia, nikarudia tena. Mara zote tatu nilipata kumi na tisa.

Najua mtu mzima atacheka. Lakini mjiweke pale, na miaka yenu kumi na moja na mwiba mkononi. Kama mti una miaka kumi na tisa, basi ulipandwa miaka minane kabla yangu. Kama ulipandwa kabla yangu, haukupandwa kwa ajili yangu. Kama haukupandwa kwa ajili yangu, basi kitovu changu hakipo pale, na kisa cha Bibi na shimo na shingo iliyopinda ni hadithi tu, na Tate, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mkusanya michango, alinidanganya maisha yangu yote. Na kama kitovu changu hakipo Shume, kiko wapi? Niliona tenga. Niliona kuku wenye midomo wazi. Ndiyo maana alikuwa radhi kuukata, maana haukuwa na mtu.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anawapikia wapasua mbao maharage, jasho likimtoka, akili yake yote iko kwenye sufuria.

"Mama, mimi nilizaliwa wapi?"

Hakunigeukia. "Wewe? Kawaulize wa Mombo," akasema, akacheka kidogo, akaongeza chumvi.

Asubuhi ya Jumamosi nilivaa sweta zangu mbili, nikaenda barabarani lilikosimama lori la kabichi. Dereva, Sefu, alikuwa jirani yetu, mtu wa swala tano na wa maneno machache. Nikamwambia Mama amenituma Mombo, nitapokelewa. Akanitazama sana, akaniweka mbele. Tulianza kushuka. Kwa mara ya kwanza niliiona milima yetu ikivuliwa nguo kipande kwa kipande. Misonobari ilibaki nyuma kwanza, na ukungu pamoja nayo. Ikafuata mikaratusi, halafu migomba na kahawa. Masikio yakaziba pale Soni, ambako Sefu alisimamisha gari akazungumza na dereva mwenzake aliyekuwa anapanda. Kutoka hapo kona zikashikana na kona, miti ikawa mifupi na yenye miiba, na hewa inayoingia dirishani ikawa ya moto. Nilitafuta msonobari hata mmoja. Haukuwepo. Nikawaza, basi huko kwetu kwa kweli walinizikia kitovu wapi?

Mombo ilinipiga usoni. Nilishuka na sweta zangu, nikapita katikati ya watu na vikapu vya matunda hadi kwa mama mmoja mnene aliyeuza vitunguu chini ya turubai. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mweusi kama mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikufungie vya kiasi gani?"

"Samahani, mama. Hapa hamkupoteza mtoto?"

Akaacha kufunga. "Mtoto? Amepotea lini?"

"Miaka kumi na moja iliyopita," nikasema. Halafu, kwa kuwa nilitaka kuwa mkweli, nikaongeza, "Au kumi na tisa."

Akanitazama kuanzia nywele hadi soksi za Mama. Akaweka mkono wake kwenye paji langu la uso, akaguta. "Yarabi! Huyu mtoto anapikika! Una sweta mbili Mombo, mchana huu? Vua, vua upesi." Akanivua mwenyewe, akanikalisha kivulini, akaninywesha maji. Dunia ilikuwa inazunguka. Nikatapika pembeni ya vitunguu vyake, na hakunigombeza. Alipomaliza kunipepea na kipande cha boksi alisema, "Sikiliza. Hapa vinapotea vitu vingi, mikoba, kuku, waume za watu. Mtoto sijasikia. Na wewe si wa hapa. Wa hapa hafi kwa joto kidogo hili."

Ndipo nilipolia. Kule juu baridi ilinikataa, na huku chini joto limenikataa. Sikujua pa kwenda.

Tate alinikuta nalia. Dereva wa Soni alimpelekea ujumbe wa Sefu, naye akashuka na gari la kwanza alilopata, unga wa mbao bado uko kwenye nywele. Alimsalimu yule mama, akamshukuru, akachuchumaa mbele yangu. Nilingoja kofi. Aliniuliza kama nimekula.

"Nani amekuambia uje huku?"

"Mti."

"Mti umesema nini?"

"Umesema kumi na tisa."

Watu wengi wangecheka hapo, na kama angecheka sijui ningekuwa mtu wa namna gani leo. Aliuliza, "Ulihesabu mwenyewe?"

"Mara tatu."

"Kuanzia katikati?"

"Kuanzia katikati."

"Basi umehesabu vizuri," akasema. "Ni kumi na tisa. Hata mimi nimehesabu. Kesho nitakuonyesha ulichohesabu."

Tulipofika nyumbani Mama alinipakata, mkubwa kama nilivyokuwa, akaniambia alinizaa mle ndani, masika yakinyesha juu ya bati, na aliyenipokea mikononi ni Shangazi Naomi huyo huyo mwenye mdomo. Alilia kuliko mimi. Utani wa Mombo ulikufa nyumbani kwetu jioni ile. Nilimwamini Mama. Lakini kumi na tisa ilikuwa bado imenikaa kifuani, kwa sababu Mama alisema habari za mtoto, hakusema habari za mti, na ni mti ndio Tate alioniambia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tate alikuwa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, na sijawahi kujua Jumapili nyingine aliyokosa akiwa mzima. Alichukua panga badala ya kitabu cha nyimbo, tukapanda hadi kwenye kitalu kimoja cha shamba la serikali kilichokuwa kimepunguzwa miti mwezi ule. Visiki vilikuwa bado vibichi. Mwanzo wa kitalu kulikuwa na kibao cha bati chenye maandishi ya rangi nyeupe.

"Soma."

Nikausoma mwaka wa kupandwa.

"Toa."

Nikatoa kichwani. "Kumi na moja."

"Ni miche ya bustani ile ile, ya majira yale yale. Wako ulikuwa kiriba cha pembeni. Haya, hesabu."

Alisawazisha kisiki kwa panga, akalowesha kidole gumba kwa mate, akapaka hadi mistari ikajitokeza. Nikahesabu. Kumi na tisa. Nikakaa nikafikiri.

"Kibao kimekosea," nikasema.

Hapo ndipo alipocheka, akacheka hadi akaegemea panga. "Kibao nilikiandika mimi!"

Halafu akapiga magoti juu ya majani makavu, akatoa kijiti cha kiberiti. Namwona hadi leo, suruali yake ya Jumapili ikilowa magotini. "Mti haujui Januari wala Desemba, mwanangu. Unajua mvua na unajua kiu, basi. Mvua ikija unakula, unanenepa. Ndiyo hapa peupe. Mvua ikikata unafunga mlango. Ndiyo huu mstari mweusi. Sisi mvua zinatujia mara ngapi?"

"Masika na vuli."

"Na yale manyunyu ya katikati, ya mluati, ni ya kulowesha kofia tu, mti hauyahesabu. Sasa, kwa mwaka mmoja mlango unafungwa mara ngapi?"

"Mara mbili." Nikazidisha. "Lakini Tate, kumi na moja mara mbili ni ishirini na mbili. Siyo kumi na tisa."

Sijasahau uso wake. Nimepata zawadi kadhaa katika kazi yangu, nimepigiwa makofi ukumbini, lakini hakuna aliyenitazama namna ile. "Nilikuwa nangoja uniulize," akasema.

Akanionyesha mistari mitatu iliyokuwa minene na myeusi kupita mingine. Kijiti kikasimama kwenye wa kwanza. "Vuli hii haikuja. Ulikuwa unaanza kutembea. Kiu ya katikati ya mwaka ikaungana na kiu ya Januari, mlango ukafungwa moja kwa moja." Kijiti kikasogea. "Hii nayo haikuja. Shangazi yako aliolewa, tukakosa maharage ya karamu, tukaazima Mlalo." Kikafika karibu na ganda. "Na hii. Hii unaikumbuka mwenyewe." Niliikumbuka. Ndiyo mwaka ambao ndoo ya Mama chini ya mti wangu ilikuwa ikijaa kwa ukungu peke yake, na tulikunywa maji hayo.

Alinipeleka hadi ukingoni, mahali kitalu kinapotazama nyika, ambako upepo mkavu hupanda kutoka chini. Kibao kimoja, miche ya siku moja, lakini visiki vya huko vilikuwa vyembamba kama paja langu, na mistari imebanana hata nikashindwa kuitenganisha. "Hawa hawana uvivu," alisema akikigusa kimoja kwa heshima. "Wanaishi mahali pagumu. Wako uliishi bondeni, ukungu ukiunywesha hata mvua ikikosa, ndiyo maana ulinenepa." Kisha, bila kunitazama, "Nilikuchagulia pale makusudi."

Jumatatu nilimweleza mwalimu. Angekuwa mwalimu mwingine nadhani ningepigwa viboko. Yeye alilipeleka darasa zima hadi kwenye kisiki changu, akahesabu mwenyewe, akasema mbele yetu kwamba kitabu chake kiliandikwa na watu wa kwenye theluji, ambako mti hulala mara moja kwa mwaka. Akafuta mchoro wake. Namheshimu mpaka leo.

Na mbao? Kabla kipupwe hakijaisha nilijua ni kitu gani nilichoambiwa nisubiri. Tate alizianika, akaziranda, akazipigilia kwenye ukuta wa chumba changu, ule wa upande wa upepo, kuanzia sakafuni hadi darini, ubao kwa ubao, hata ufa mmoja usionekane. Zilitosha ukuta huo mmoja tu, hazikubaki. Juu ya kitanda akapigilia kipande cha mviringo alichokikata kwenye gogo, kilichosawazishwa na kupakwa mafuta, mistari yote inaonekana. "Niliona unalala umejikunja," alisema. "Mti ulikuwa wako. Sasa utakukinga." Aliondoka upesi, kwa sababu Tate hakuwa mtu wa kukaa kwenye maneno hayo. Usiku huo nililala nimejinyosha kwa mara ya kwanza katika kipupwe.

Miaka yake ya mwisho alikuwa mtu wa kunung'unika juu ya mvua. Nilipokwenda likizo alinipeleka kwenye visiki vipya, akalowesha kidole, akapiga magoti kwa shida, akatazama, akatikisa kichwa. Vuli ilikuja mwezi usio wake, masika yakakatika katikati, kisha gharika la wiki moja likapita na nyumba za watu. Mistari ilikuwa inaanza na kuishia njiani. "Siku hizi mti unaandika kama mtu anayetetemeka mkono," aliniambia. "Naona maandishi, sisomi." Hakuna jambo lililomwumiza zaidi. Mimi, mwanawe msomi, nikamshika mkono tukashuka.

Siku ya pili baada ya maziko, tulikuwa jikoni wanawake wote, ukungu umejaa mlangoni. Binti yangu Neema, mtoto wa Dar, miaka kumi, alikuwa amejikunja karibu na moto na koti langu na shali ya Mama, midomo imekuwa ya kijivu. Shangazi Naomi, ambaye sasa hana meno ila mdomo ni ule ule, akamtazama, akasahau.

"Na huyu je? Huyu naye mlimwokota Mombo?"

Wengine wakacheka, walikuwa wanahitaji kucheka. Mama hakucheka. Na mimi nikauona uso wa Neema, namna alivyonigeukia haraka kisha akaangalia chini. Niliujua uso huo kutoka ndani.

"Nenda chumbani kwangu kule mwisho," nikamwambia. "Juu ya kitanda kuna kipande cha mti. Hesabu mistari, anzia katikati."

Alikawia. Nilipomfuata alikuwa amesimama juu ya kitanda kwa soksi, kidole kwenye ganda. "Kumi na tisa, Mama. Kwa hiyo mti ulikuwa na miaka kumi na tisa?"

"Ndivyo nilivyodhani," nikasema, "nikatoroka nyumbani." Nikaketi, nikamweleza yote, tenga, vitunguu, kibao, kijiti cha kiberiti. Nikamwonyesha vuli tatu ambazo hazikuja. Nikamwambia kwamba babu yake aliacha kuimba kanisani Jumapili moja ili mtoto wake asije akaishi akidhani amedanganywa, na kwamba hakunidanganya, hata siku moja, hata kwa mti. Neema alijilaza, akasogea hadi mgongo wake ukagusa mbao, nje upepo ukiupiga ukuta kama siku zote. Nikamwona akifungua koti kifungo kimoja kimoja, kisha akanyosha miguu yake yote miwili hadi mwisho wa kitanda.

"Mama," akasema, "hapa hapana baridi."